Edgar Allan Poe na Swali la Hadithi Zake Bora

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Hata hivyo, mwalimu wa fasihi hana budi kuchagua. Muhula una majuma yenye hesabu, na mwandishi mmoja aweza kuwa ameacha hadithi zaidi ya 60. Zile 5 au 6 zitakazosomwa darasani ndizo zitakazokuwa, kwa wanafunzi wengi, mwandishi mzima. Kwa hiyo kuchagua hadithi bora si mchezo wa kupitisha wakati. Ni tendo la kumhukumu mtu ambaye kwa kawaida hayupo tena kujitetea.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha ya Edgar Allan Poe (1809-1849), Mmarekani ambaye jina lake limefungamana mno na hadithi fupi za kutisha. Tutayafuata maisha hayo kwa kuongozwa na swali moja: ni nani waliozichagua hadithi zake bora, na kwa vigezo gani? Tutajaribu kuonyesha kwamba Poe aliishi na kufa akiwa amechaguliwa na wengine. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa na maoni ya wazi juu ya jambo hilo. Na kwamba maoni yake yanafaa kuzingatiwa na kila anayeandaa orodha ya namna hiyo leo.

2.0 Mtoto asiye na urithi

Poe alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1809. Wazazi wake wote wawili walikuwa waigizaji wa jukwaani. Baba aliitelekeza familia mtoto akiwa bado mchanga, na mama akafariki mjini Richmond, Virginia, Desemba 1811. Mtoto huyo alichukuliwa na mfanyabiashara wa Richmond, John Allan, na mkewe Frances. Allan alimlea, akampa jina lake kama jina la kati, na akampeleka Uingereza pamoja na familia kuanzia mwaka 1815 hadi 1820, ambako Poe alisoma katika shule za huko. Lakini hakumfanya kamwe kuwa mwanawe kwa mujibu wa sheria. Jambo hili dogo la kisheria ndilo lililoyaelekeza maisha yote yaliyofuata.

Mwaka 1826 Poe aliingia Chuo Kikuu cha Virginia. Fedha alizopewa hazikutosha, akacheza kamari, akaingia katika madeni ambayo Allan alikataa kuyalipa. Mwaka uliofuata alijiunga na jeshi kwa jina la bandia, na mwaka huohuo wa 1827 akachapisha kijitabu cha mashairi ambacho hakikubeba jina lake, bali maelezo tu kwamba mtungaji ni mtu wa Boston. Mwaka 1830 alipokewa katika chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka 1831 mahakama ya kijeshi ikamfukuza. John Allan alipofariki mwaka 1834 hakumwachia hata senti moja.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Waandishi wengi wa Marekani wa wakati ule walikuwa na mali ya ukoo, au kazi ya sheria, ualimu au ubalozi iliyowalisha. Poe alitegemea kalamu yake. Basi soko lilipochagua lipi litachapishwa na lipi litaachwa, lilikuwa likichagua pia kama nyumbani kwake patakuwa na chakula.

3.0 Klabu ya wasimulizi

Kuanzia mwaka 1831 Poe aliishi Baltimore na shangazi yake, Maria Clemm, na binti wa shangazi huyo, Virginia, ambaye alimwoa mwaka 1836. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 27 na bibi harusi miaka 13. Ni huko Baltimore alikogeukia hadithi fupi. Mwaka 1832 gazeti moja la Philadelphia lilichapisha hadithi zake 5. Mwaka 1833 alishinda dola 50 katika shindano la gazeti la Baltimore kwa hadithi ya "MS. Found in a Bottle", inayosimulia safari ya baharini isiyo na marejeo.

Hadithi hiyo ilikuwa sehemu ya mpango mkubwa zaidi. Poe alikuwa akitunga kitabu kuhusu klabu ya waandishi wanaokutana kwa chakula, kila mmoja akisoma hadithi aliyoitunga, na wenzake wakiihakiki. Mwenye hadithi iliyoonekana bora hupewa uenyekiti, na mwenye hadithi iliyoonekana hafifu hugharimia chakula na mvinyo wa kikao kitakachofuata. Katika barua ya mwaka 1836, akikieleza kitabu hicho kwa mchapishaji mmoja, Poe alisema kwamba hadithi ni 17, na kwamba uhakiki wa wanaklabu umekusudiwa kuwa dhihaka kwa uhakiki kwa jumla. Mwishoni, yule ambaye hadithi yake imehukumiwa kuwa mbaya kuliko zote anazinyakua hadithi zote 17 mezani, anatoka mbio, na kuamua kuzichapisha zote ili akate rufaa kwa umma dhidi ya hukumu ya klabu.

Tunamwomba msomaji aikumbuke picha hiyo ya mtu anayekimbia na karatasi mkononi. Kitabu hicho hakikutoka. Kampuni ya Harper ya New York ilikikataa mwaka 1836 kwa sababu tatu: nyingi ya hadithi zilikwisha kutoka magazetini, zilikuwa vipande vilivyotengana ilhali wasomaji walipenda kisa kimoja kirefu, na zilikuwa na elimu na mafumbo yaliyowazidi wasomaji wa kawaida. Kwa maneno mengine, hadithi fupi yenyewe, kama utanzu, ilikuwa bado haijapewa hadhi ya kuwa kitabu.

Wakati huohuo Poe alikuwa mhariri katika jarida la Southern Literary Messenger la Richmond. Mwaka 1835 jarida hilo lilitoa hadithi yake ya "Berenice", ambamo mwanamume anatawaliwa na wazo la meno ya mchumba wake hata baada ya mazishi. Mwenye jarida alipoingiwa na wasiwasi, Poe alikiri kwamba hadithi ile ilikaribia mno mpaka wa uchafu wa ladha. Hata hivyo alishikilia kwamba jarida hupata sifa kwa hadithi za aina hiyo, yaani zile zinazoikuza hofu hadi iwe kitisho. Hapa tunamwona mtu anayejua kutofautisha kile kinachouzwa na kile kilicho bora, na anayeteseka kwa kuijua tofauti hiyo.

4.0 Kanuni ya athari moja

Mwishoni mwa mwaka 1839 kampuni ya Lea & Blanchard ya Philadelphia ilitoa mkusanyo wa kwanza wa Poe, juzuu 2 zenye hadithi 25, ukiwa na tarehe ya mwaka 1840. Zilichapwa nakala 750 tu. Mwandishi hakulipwa fedha. Alipewa nakala chache za kugawia marafiki. Ndani yake zilikuwamo "Ligeia", ambamo mke aliyekufa anarudi kupitia mwili wa mke wa pili. "The Fall of the House of Usher", kisa cha ukoo na nyumba vinavyoanguka siku moja. Na "William Wilson", kisa cha mtu anayefuatwa na mwingine mwenye jina na sura yake, kilichotumia kumbukumbu za shule aliyosoma Poe karibu na London.

Katika dibaji Poe alijibu shutuma kwamba anaiga hadithi za kutisha za Wajerumani. Alieleza kwamba ikiwa kitisho ndicho kiini cha nyingi ya kazi zake, basi kitisho hicho chanzo chake ni nafsi ya binadamu, wala si Ujerumani. Kauli hiyo ni muhimu kwa anayechagua. Inatuambia kwamba kaburi, jumba kuukuu na usiku wa dhoruba ni vifaa tu, na kwamba hadithi ya kutisha ipimwe kwa kina cha nafsi inayoifichua.

Kigezo cha pili alikitoa mwaka 1842, alipohakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne katika jarida la Graham. Alidai kwamba hadithi fupi inapaswa kusomeka kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili. Kwamba mtunzi huanza kwa kuiamua athari moja anayotaka kuijenga. Na kwamba kila neno, tangu sentensi ya kwanza, liitumikie athari hiyo. Kwa mwanaisimu dai hili lina mvuto wa pekee, kwa kuwa linahamisha mjadala kutoka katika matukio na kuupeleka katika lugha. Katika "The Tell-Tale Heart" ya mwaka 1843, msimulizi muuaji husema kwa sentensi fupi zilizokatikakatika, akiyarudia maneno yaleyale na kukanusha wazimu ambao hatujamshutumu bado. Ukanushaji wenyewe ndio ushahidi. Katika kisa cha nyumba ya Usher, kinyume chake, sentensi ni ndefu na nzito, zimebebeshwa vishazi na vivumishi, hata msomaji anahisi kubanwa kabla hajaelezwa jambo lolote la kutisha. Mwandishi ni mmoja, kusudi ni moja, lakini sintaksia ni mbili tofauti.

5.0 Hadithi kumi na mbili za mwaka 1845

Januari 1842 Virginia alitokwa na damu mdomoni alipokuwa akiimba. Ulikuwa mwanzo wa kifua kikuu, ugonjwa uliomtesa miaka mitano. Katika miaka hiyohiyo Poe aliandika kwa wingi na kwa ubora usio wa kawaida. Alikwisha kuwaletea wasomaji mpelelezi Dupin mwaka 1841. Mwaka 1842 alitoa "The Masque of the Red Death", kisa cha mwanamfalme anayejifungia na wageni wake kuikwepa tauni. Mwaka 1843 alijishindia dola 100 kwa "The Gold-Bug", kisa cha maandishi ya siri na hazina iliyofukiwa. Mwaka 1842 aliandaa orodha ya mkusanyo mpya uliopanuliwa, lakini haukuchapishwa. Mwaka 1844 alimwandikia profesa mmoja wa New York kwamba hadithi zake zimefikia 66 na zingeweza kujaza juzuu 5. Alimwomba amsaidie kwa kampuni ya Harper. Harper ilikataa tena.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Julai, Poe alimwandikia James Russell Lowell barua yenye orodha ya hadithi alizoziona kuwa bora. Zilikuwa 8: "Ligeia", "The Gold-Bug", "The Murders in the Rue Morgue", "The Fall of the House of Usher", "The Tell-Tale Heart", "The Black Cat", "William Wilson" na "A Descent into the Maelström". Kisha akaongeza kwamba "The Purloined Letter", iliyokuwa karibu kutoka, huenda ndiyo bora miongoni mwa zile za upelelezi.

Januari 1845 shairi lake la "The Raven" lilimfanya awe maarufu ghafla, na mwezi Juni kampuni ya Wiley and Putnam ikatoa kitabu cha hadithi zake kwa bei ya senti 50, yeye akipata senti 8 kwa kila nakala. Lakini kitabu kilikuwa na hadithi 12 tu, na aliyezichagua alikuwa Evert Duyckinck, mhariri wa kampuni hiyo. Tukiilinganisha orodha hiyo na ile aliyopewa Lowell, tunaona kwamba 5 kati ya zile 8 zimo. Zilizoachwa ni 3: "Ligeia", "The Tell-Tale Heart" na "William Wilson". Visa vyote 3 vya Dupin vimo. Zilizoachwa, kwa hakika, ni zile ambamo kitisho kimo ndani ya nafsi ya msimulizi mwenyewe.

Poe wakati huo alikuwa mhariri wa gazeti la Broadway Journal. Tarehe 23 Agosti 1845 gazeti hilo lilichapisha upya "The Tell-Tale Heart". Tarehe 30 Agosti, "William Wilson". Na tarehe 27 Septemba, "Ligeia". Hatutaki kudai zaidi ya ushahidi, kwani mwaka ule Poe alirudia kuchapisha nyingi ya hadithi zake ili kuzijaza kurasa. Lakini ni vigumu kutomwona hapa yule mwanaklabu akikimbia na karatasi zake kwenda kwa umma. Mwanzoni mwa Januari 1846 gazeti lilikufa.

Tarehe 9 Agosti 1846 alimwandikia rafiki yake Philip Pendleton Cooke na kusema waziwazi kilichomuudhi. Alieleza kwamba Duyckinck anapenda mantiki na upelelezi, na kwa hiyo amekijaza kitabu hadithi za aina hiyo, jambo ambalo haliiwakilishi akili ya mwandishi. Aliongeza kwamba alipozitunga alikuwa na jumla yake akilini, akikusudia anuwai kubwa kabisa ya mada, fikra na sauti. Visa vya upelelezi alivishusha thamani kidogo, akihoji ni ustadi gani ulioko katika kuufumua utando ambao mtunzi ameufuma mwenyewe ili aufumue. Na alipotaja iliyo bora kabisa, aliitaja "Ligeia", kwa kuwa ubunifu wa juu kabisa ndio daraja la juu kabisa.

Karibu miezi sita baadaye, tarehe 30 Januari 1847, Virginia alifariki katika nyumba yao ndogo huko Fordham. Tarehe 3 Oktoba 1849 Poe aliokotwa mjini Baltimore akiwa hajitambui, na tarehe 7 akafariki, akiwa na miaka 40. Sababu ya kifo chake haijathibitishwa hadi leo. Mkusanyo alioutaka hakuuona.

6.0 Wateuzi wa baadaye

Aliyepewa dhamana ya kuzikusanya kazi zake alikuwa Rufus Griswold, mtu aliyekuwa adui yake. Griswold alitoa juzuu 3 mwaka 1850 na ya 4 mwaka 1856. Kinaya ni kwamba adui huyo alizichapisha nyingi zaidi kuliko rafiki yeyote. Lakini aliziambatanisha na wasifu uliomchafua marehemu, ukitegemea barua alizozighushi. Ghushi hiyo ilidhihirishwa na Arthur Hobson Quinn katika wasifu wake wa mwaka 1941. Karibu karne nzima wasomaji walikuwa wakizisoma hadithi za wazimu na mauaji kana kwamba ni maungamo ya mtunzi.

Mteuzi mwenye haki zaidi alitoka ng'ambo. Charles Baudelaire alizitafsiri kwa Kifaransa katika mikusanyo ya mwaka 1856, 1857 na 1865. Alimweleza mhakiki Sainte-Beuve kwamba juzuu ya kwanza ni chambo cha kuwavuta wasomaji, na kwamba "Ligeia" ndiyo hadithi muhimu pekee ndani yake inayoungana kimaadili na juzuu ya pili. Hiyo ya pili ndiyo iliyobeba visa vya nafsi iliyovurugika, "William Wilson" na "The Tell-Tale Heart" vikiwamo. Baudelaire naye alijua soko linataka nini, ila hakuliachia neno la mwisho.

Uteuzi wa Duyckinck nao una wajukuu wake, na baadhi yao ni wetu. Arthur Conan Doyle alikiri deni lake kwa Dupin alipomuumba Sherlock Holmes. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, alituletea Bwana Msa na Najum, wawili ambao wahakiki wamewalinganisha mara nyingi na Holmes na Watson. Hivyo mlango ambao Poe aliingia nao katika fasihi ya Kiswahili, japo kwa mzunguko, ni mlango wa upelelezi. Inafaa kukumbuka kwamba huo haukuwa mlango ambao yeye mwenyewe angeuchagua.

7.0 Hitimisho

Mwandishi wa makala haya amewahi kufundisha Poe kwa miaka kadhaa kwa kuanzia na Dupin, kwa sababu wanafunzi waliowasoma Holmes na Bwana Msa walimwelewa upesi. Ilikuwa njia nyepesi, na ilikuwa kosa lilelile la mwaka 1845.

Tukivitumia vigezo vya Poe mwenyewe, yaani athari moja, kitisho chenye chanzo katika nafsi, na anuwai ya jumla, tunapendekeza hadithi 7: "Ligeia", "The Fall of the House of Usher", "William Wilson", "The Masque of the Red Death", "The Tell-Tale Heart", "The Purloined Letter", na "The Cask of Amontillado" ya mwaka 1846, ambamo muuaji anasimulia kwa utulivu unaotisha kuliko ukelele. "The Black Cat" tumeiacha, ijapokuwa ni nzuri, kwa sababu inarudia athari ya muuaji anayejifichua. "Berenice" tumeiacha kwa ungamo la mtunzi mwenyewe. "The Gold-Bug" tumeiacha pia, licha ya zawadi yake na licha ya kuwamo katika orodha ya Lowell: usemi wa Jupiter, mtumishi mweusi aliyekombolewa utumwani, umeandikwa kwa namna inayoifanya lugha yake kuwa kichekesho, na mwanaisimu wa Afrika hawezi kupita hapo kimyakimya.

Hivyo sisi nasi tumemkatalia Poe nne kati ya alizozipenda. Hatuna kinga dhidi ya shutuma tulizowatupia wengine. Kila mteuzi huacha alama ya zama zake na ladha yake. Lililo wajibu wetu ni kuwaambia wanafunzi kwamba tumechagua, tumechagua kwa vigezo gani, na tumeacha nini nje. Baada ya hapo wafunguliwe mlango wa maktaba wazisome zilizobaki. Ni kwa njia hiyo tu rufaa ya yule mwanaklabu itasikilizwa na wale aliowakusudia.